Mlango wa Gniezno na Aibu Isiyofichwa

Kuna miji ya kutawalia na kuna miji ya kuzuru. Mji wa kutawalia huwa mkuu maadamu mtawala yumo. Akihama, utukufu humfuata pamoja na mizigo yake. Mji wa kuzuru hauna haja ya mtawala. Haja yake ni kumbukumbu ambayo watu wamekataa kuiacha ipotee. Leo nataka kuzungumza na msomaji juu ya mji mmoja wa Polandi ulioonja hali zote mbili: ulikuwa kiti cha wafalme, wafalme wakauacha, nao ukazidi kuwa mkubwa machoni pa watu wake. Jina lake ni Gniezno, na wenyewe hulitamka mfano wa "Gnyezno".

Najua yupo atakayeuliza: wewe mtoto wa chuoni, uliyekulia kwenye ubao na juzuu, una nini na kanisa la Wakatoliki lililoko Ulaya? Swali hilo ni la haki, nami nitalijibu kabla ya kuiweka kalamu chini. Kwa sasa yatosha niseme kwamba nilifika huko siku moja ya baridi, kwa gari la moshi kutoka Poznań, mwendo wa kama kilomita 50, nikiwa katika safari ya kazi yangu hii ya kuandika. Nilikwenda kutazama kanisa. Nikarudi nimesomeshwa na mlango.

Mji wenyewe si mkubwa. Watu wake hawafiki laki moja. Lipo ziwa dogo liitwalo Jelonek, na karibu nalo pana kilima wanachokiita Kilima cha Lech, na juu ya kilima limesimama kanisa kuu la matofali mekundu lenye minara miwili. Hekaya yao yasema kwamba Lech, babu wa Wapolandi, alipofika hapo alimwona tai mweupe katika kiota juu ya mti, akasema: hapa ndipo nitakapoweka makao yangu. Kiota kwa lugha yao ni "gniazdo", na ndiko jina la mji husemwa limetoka. Hekaya ni hekaya, lakini tai mweupe ndiye aliye kwenye nembo ya taifa lao mpaka hivi leo.

Tukiiacha hekaya tukashika tarikhi, mambo yaanza mwaka 966. Mwaka huo mtawala wa nchi, Mieszko, aliyekuwa amemwoa Dobrawa binti wa mtawala wa Wacheki, alibatizwa, na taifa likaihesabu siku hiyo kuwa ndiyo siku ya kuzaliwa kwake. Na hapa pana jambo litakalomfurahisha kila aliyesoma Kiarabu. Katika habari za kale kabisa zilizoandikwa juu ya nchi ya Mieszko, zimo zilizoandikwa kwa Kiarabu! Ibrahim bin Yaaqub, Myahudi wa Andalusi, alisafiri pande za Ulaya ya kati katika miaka hiyo hiyo ya sitini ya karne ya 10, akaandika juu ya mfalme huyo wa kaskazini, juu ya askari wake elfu tatu, na juu ya wingi wa nafaka, nyama na asali katika nchi yake. Kitabu chake kimepotea, lakini maneno yake yalinakiliwa na al-Bakri wa Andalusi katika karne ya 11, na ndiyo yaliyotufikia. Kwa hivyo asidhani mtu kwamba habari za Polandi hazituhusu kabisa sisi tuliofunzwa kwa alifu na bee. Zimeandikwa kwa herufi tulizochapiwa fimbo tukiwa wadogo.

Lakini Gniezno haukupata utukufu wake kwa Mieszko. Uliupata kwa mtu mgeni, tena aliyekwisha kufa.

Mtu huyo ni Wojciech, ambaye Walatini humwita Adalbert. Alikuwa Mcheki, mtoto wa ukoo mkubwa wa Libice, akafanywa askofu wa Prague naye angali kijana. Hakukaa akastarehe. Mara mbili aliuacha uaskofu wake akaenda zake. Waliomwandikia maisha yake, muda mfupi tu baada ya kufa kwake, wametaja sababu tatu zilizomkimbiza. Ya kwanza, wanaume wa Prague walikuwa wakioa wake wengi. Na hapa nakiri kwamba sisi Waislamu tukisoma tunakohoa kidogo. Ya pili, mapadri walikuwa wakioa. Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike haya leo: watu walikuwa wakiuzwa, na askofu hakuwa na mali ya kutosha kuwakomboa wote walionunuliwa. Wamesimulia kwamba aliota ndoto akamwona Masihi akimlalamikia kwamba anauzwa tena, naye Wojciech amelala.

Mwaka 995 ndugu zake waliuawa huko Libice katika fitina za watawala. Yeye akaja Polandi, na kutoka hapo akatoka kwenda kuwahubiri Waprusi, watu wa pwani ya bahari ya Baltiki waliokuwa bado wakishika dini za mababu zao. Tarehe 23 Aprili mwaka 997 walimwua. Na tuseme kweli: Waprusi nao walikuwa na nchi yao na matambiko yao, na mgeni aliwajia bila ya kualikwa. Bolesław, mwana wa Mieszko, ndiye aliyeununua ule mwili. Na masimulizi yasema aliulipia uzito wake kwa dhahabu. Akauzika Gniezno. Fikirini: mtu aliyehangaika maisha yake kwa sababu watu walikuwa wakinunuliwa, mwisho naye akanunuliwa, maiti!

Tangu hapo mji ukawa wa kuzuru. Mwaka 1000 Kaisari Otto wa Tatu, mtawala mkubwa wa zama hizo, alikuja kulizuru kaburi, na mji alipouona aliuingia kwa miguu, bila viatu. Siku hizo Gniezno ukafanywa makao ya askofu mkuu, na ukapewa maaskofu wa Kraków, Wrocław na Kołobrzeg wawe chini yake. Askofu mkuu wa kwanza alikuwa Radim, ndugu yake Wojciech kwa baba. Maana ya jambo hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Nchi yenye askofu mkuu wake haikulazimika kusubiri ruhusa ya maaskofu wa Kijerumani katika mambo ya dini. Ilikuwa nchi mbele ya Roma, na ikawa nchi mbele ya dunia. Mwaka 1025 Bolesław akavikwa taji la ufalme, wa kwanza katika nchi hiyo, na mapokeo yasema ni hapo hapo Gniezno. Mwaka 2025 umetimiza miaka elfu moja tangu siku hiyo.

Kisha yakaja ya kuja. Mnamo mwaka 1038 Břetislav, mtawala wa Wacheki, aliingia na jeshi, akaupora mji, akachukua masalia ya mtakatifu akayapeleka Prague. Kiti cha ufalme kikahamia Kraków. Mwaka 1331 mashujaa wa Kijerumani, wale waliovaa misalaba juu ya vazi lao, walikuja wakauchoma mji. Nao walikuwa ndio hao hao waliokwisha kuwaangamiza Waprusi kwa jina la dini. Kanisa likajengwa upya kuanzia mwaka 1342. Baadaye, mwaka 1793, nchi ilipokuwa ikigawanywa na majirani zake kama nyama ya karamu, Gniezno ukaangukia kwa ufalme wa Prussia. Katika Vita Vikuu vya Pili Wajerumani walilifunga kanisa, wakaligeuza kuwa ukumbi wa muziki. Na Januari 1945 lilishika moto kwa mizinga ya jeshi la Urusi. Hata wezi hawakuliacha: mwezi wa Machi 1986 waliingia usiku wakalivunja jeneza la fedha la mtakatifu, kazi ya sonara wa Gdańsk ya mwaka 1662, wakayeyusha sehemu yake. Limetengenezwa tena, limerudi mahali pake.

Nimeyataja yote haya ili msomaji aone kwamba mji huu umeporwa na Wakristo wenziwe zaidi kuliko na wengine. Na juu ya hayo heshima haikuondoka. Tangu mwanzoni mwa karne ya 15 askofu mkuu wa Gniezno ndiye aliyehesabiwa wa kwanza miongoni mwa maaskofu wote wa nchi. Na zama za wafalme wa kuchaguliwa, mfalme akifa, yeye ndiye aliyeishika nchi mpaka apatikane mwingine. Katika siku za serikali ya kikomunisti askofu mkuu alikuwa Kardinali Stefan Wyszyński, aliyewekwa kizuizini tangu 1953 hadi 1956 kwa kukataa kuliacha kanisa liwe idara ya serikali. Mwaka 1966, walipoadhimisha miaka elfu ya ubatizo, Papa Paulo wa Sita alitaka kuja, serikali ikamkatalia. Miaka 13 baadaye, tarehe 3 Juni 1979, akaja Papa ambaye hawakuweza kumkatalia, kwa sababu alikuwa mtoto wao: Yohane Paulo wa Pili. Sisi wa Kenya twamkumbuka. Alikuja Nairobi mwaka 1980, akarudi tena mwaka 1985 na mwaka 1995. Aliporejea Gniezno mwaka 1997, miaka elfu tangu kuuawa kwa Wojciech, marais wa nchi saba walihudhuria.

Na Wapolandi wenyewe si wageni kabisa katika Afrika ya Mashariki. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili maelfu yao, aghalabu wanawake na watoto, waliokuwa wamechukuliwa kwa nguvu wakapelekwa Siberia kufanyishwa kazi, walipitishwa Uajemi wakaletwa kwetu kwa meli. Wakakaa katika kambi za Tengeru karibu na Arusha, na Masindi huko Uganda, na nyinginezo. Kanisa walilolijenga Masindi lingali limesimama. Watu waliojua maana ya kuchukuliwa kwa nguvu.

Sasa nije kwenye mlango.

Uko upande wa kusini wa kanisa, katika ukumbi mdogo. Una mbao mbili, lakini si za mti. Ni za shaba, zilizoyeyushwa na kumiminwa katika karne ya 12, na urefu wake unapita mita tatu. Juu yake zimo picha 18 za maisha ya Wojciech. Zaanzia chini kushoto, kwa kuzaliwa kwake, zikapanda hadi juu. Kisha zikahamia ubao wa kulia na kuteremka hadi kuzikwa kwake. Aliyeuona husoma kama asomavyo kitabu. Mimi niliusoma polepole, picha kwa picha, kama nilivyofunzwa kusoma herufi kwa herufi.

Picha ya saba ni ile ndoto. Picha ya nane ni mtawala ameketi kitini, na askofu amesimama mbele yake akimtetea mtu asiyeweza kujitetea. Na hapo hapo wamo watumwa wamefungwa, na wachuuzi wao. Nilisimama hapo muda mrefu. Nilitazama minyororo ile ya shaba, imelainika kwa miaka zaidi ya mia nane.

Kwani ni nani waliowauza? Wakuu wa Kikristo. Nani waliowasafirisha? Wafanyabiashara wa zaidi ya dini moja. Na nani waliowanunua? Wengi wao walipelekwa masoko ya Waislamu, Andalusi na kwingineko. Waarabu waliwaita watu hao Saqaliba, yaani Waslavi, na huko Andalusi jina hilo likawa ndilo jina la watumwa wa ikulu. Waingereza nao, neno lao la mtumwa limetokana na jina hilo hilo la Waslavi. Mpaka leo katika ardhi ya Polandi huchimbuliwa dirhamu za fedha, maelfu, zenye kalima ya Kiislamu, na wanahistoria wengi wanaamini kwamba sehemu ya fedha hizo ilikuwa bei ya watu; na kwamba Mieszko na Bolesław wenyewe hawakuwa mbali na biashara hiyo. Yaani yule yule aliyeulipia dhahabu mwili wa Wojciech!

Basi mlango huu haumsifu mtu yeyote aliyekuwa na mamlaka. Wangeweza kuchagua picha nyingine. Wangeweza kujaza miujiza na mataji. Maisha ya mtakatifu yana mengi. Lakini walipokaa kuamua ni yapi yawekwe mahali ambapo kila aingiaye kusali atayaona, waliweka na soko la watu. Na hawakuliweka katika pembe ya giza. Waliliweka katika mlango.

Hili ndilo lililonirudisha nyumbani.

Nyumbani kwetu, nilipokuwa mdogo, alikuwako bibi mmoja mkongwe. Alikula nasi, alitulea, alituimbia, na sote tukimwita bibi. Sisi watoto tulikuwa tukijua kuhesabu babu zetu mmoja mmoja hadi wa saba, kama tulivyofunzwa. Yeye hakuwa na wa pili. Jina lake lilikuwa la namna ile ya majina waliyopewa watumwa, jina la mali na la faida. Alizaliwa kabla ya mwaka 1907, mwaka ambao sheria ya kuufuta utumwa ilipitishwa katika pwani yetu ya Kenya. Siku moja nilimwuliza: bibi, kwenu wapi? Akanyamaza. Aliyenijibu ni mtu mzima mwingine wa nyumba, kwa kofi, kwamba hayo hayaulizwi. Bibi yule akafa, akazikwa kwa heshima, na kimya chake akazikwa nacho.

Hili ndilo jibu langu kwa aliyeuliza nina nini na kanisa la Gniezno. Nimeandika mashairi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimetunga ya mapenzi, ya nasaha, ya siasa, ya kuwasifu walio hai na kuwalilia maiti. Sijatunga hata ubeti mmoja juu ya mtu aliyeuzwa. Si kwamba sikuwa na la kusema. Niliogopa lile kofi.

Itasemwa: ya nini kufukua makaburi? Waliouza wamekufa, waliouzwa wamekufa, na wajukuu wao leo wameoana, wanasali safu moja. Ukiyataja unarudisha uadui. Naliheshimu neno hilo, kwa kuwa aghalabu husemwa na watu wema. Lakini kimya hakijamfuta mtu yeyote aibu. Wajukuu hao hao, siku ya posa inapofika, nasaba huulizwa kwa kunong'ona, na mtu hukataliwa bila kuambiwa sababu. Jambo lililo wazi huweza kusameheka. Lililofichwa huendelea kufanya kazi gizani.

Na itasemwa pia kwamba kumbukumbu zipo. Ni kweli. Unguja, Mkunazini, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na juu yake likajengwa kanisa kuu la Waanglikana. Mombasa, pale Kengeleni, ipo kengele ya mji wa walioachwa huru. Mashimo ya Shimoni yanatembelewa na watalii. Lakini nyingi katika hizo zimewekwa au zimesimuliwa na wageni, na msimulizi mgeni, hata akiwa mkweli, husimulia aibu ya mwenziwe. Mlango wa Gniezno una uzito kwa sababu waliouweka waliisimulia aibu ya nyumba yao, kwa mikono yao, katika mahali pao patukufu kuliko pote.

Sisi watu wa pwani ni mabingwa wa milango. Tumechonga mvinje na mawaridi, tumechonga aya na tarehe, hata mgeni akipita Lamu na Mombasa husimama kututazamia mlango kabla ya kututazama sisi. Sisemi tuchonge minyororo juu ya mlango wa msikiti. Nasema tuzungumze na wazee waliobaki, tuandike majina ya waliokosa nasaba, tuyaweke katika tenzi zetu na vitabu vya watoto wetu, kwa lugha yetu, kabla hajaja mwingine kutuandikia. Dini yangu imeniambia kwamba kumwacha huru mtumwa ni katika mambo ya kumkaribia Mungu. Itakuwaje basi niogope hata kumtaja?

Kila mwaka, mwishoni mwa mwezi wa Aprili, watu wa Gniezno huyachukua masalia ya Wojciech wakapita nayo njiani kwa maandamano. Dini yao si dini yangu, na yale wanayoyaamini juu ya masalia hayo ni yao. Lakini tangu nilipourudia mlango ule akilini, nimeanza kuulipa ule ubeti niliokuwa nikidaiwa na bibi yangu. Huu hapa, na inshallah hautakuwa wa mwisho:

Mja alipofungiwa, mkufu shingoni mwake,
Na thamani akatiwa, auzwe na watu wake,
Shaba ikayeyushiwa, habari isizimike,
Nasi tunaoambiwa, mlango wetu tuweke.